Ulinganisho: Coming to America, The Apartment na Groundhog Day, ipi bado inachekesha ukiirudia?

Kiberenge_Moro (mwanzisha mada)

Wakuu, habari za jioni. Nyumbani kwetu Ijumaa ni siku ya muvi, na mama watoto ana sharti lake: lazima iwe ya mapenzi. Mimi nina langu: lazima iwe na kejeli, sitaki watu wazuri wakitazamana machoni huku kinanda kinalia. Tumeshavutana sana. Zilizobaki ambazo sote wawili hatuzichoki ni hizi tatu, na leo naomba tuzipime.

Coming to America ya 1988 wengi tuliiona kwenye mikanda ya VHS, kwa hiyo sitaisimulia yote. Akeem, mwana wa mfalme wa Zamunda, anaandaliwa mke aliyefunzwa kumtii tangu utotoni. Akiambiwa abweke, anabweka. Akiambiwa aruke kwa mguu mmoja, anaruka. Jamaa anakataa, anakwenda Queens, New York, kujitafutia mwenyewe. Raha yake kubwa kwangu ni pale kwa kinyozi. Eddie Murphy ndiye Akeem, ndiye kinyozi Clarence, ndiye yule mzee wa Kiyahudi Saul, na ndiye Randy Watson, mwimbaji anayeamini anajua kuimba. Rick Baker aliyewabadilisha sura aliteuliwa kuwania Oscar, na alistahili. Ila mapenzi yenyewe ni mepesi. Akeem ni mwema tangu dakika ya kwanza, Lisa, binti anayempata huko Queens, naye ni mwema, wanapendana, basi. Kila mtu anachekwa humo isipokuwa wapenzi.

The Apartment ni ya 1960, ya Billy Wilder, nyeusi na nyeupe. Baxter ni karani wa kampuni ya bima New York. Hana mke, ana nyumba ya kupanga, na wakubwa zake kazini wameigeuza gesti. Jioni wanaazima ufunguo, wanapeleka michepuko yao, yeye anasubiri nje kwenye baridi. Malipo yake ni kupandishwa cheo. Na huyu ndiye shujaa wetu! Anampenda Fran, mwendesha lifti, bila kujua kwamba Fran ni wa bosi mkubwa, Sheldrake.

Kuna tukio moja ambalo kila nikiliona nanyamaza. Baxter aliokota kwake kikopo cha poda chenye kioo kilichopasuka, akamrudishia Sheldrake. Siku ya sherehe ya Krismasi ofisini anajaribu kofia mpya ya cheo kipya, Fran anampa kioo chake ajitazame. Ni kilekile. Sura yake inaonekana vipande viwili. Hakuna muziki wa kukulazimisha ulie, hakuna maelezo. Anamwambia kioo kimepasuka, naye anajibu kwamba anajua, anakipenda hivyo kwa sababu kinamwonyesha jinsi anavyojisikia. Sekunde chache tu zilizopita ulikuwa unamcheka na kofia yake.

Groundhog Day, 1993. Phil Connors, mtangazaji wa hali ya hewa kutoka Pittsburgh, mwenye dharau za kufa mtu, anapelekwa mji mdogo wa Punxsutawney kuripoti sherehe ya tarehe 2 Februari, ambapo watu wazima wenye kofia ndefu wanamtoa mnyama shimoni awaambie kama baridi itaendelea. Theluji inawazuia kuondoka. Kesho yake anaamka saa kumi na mbili kamili, na ni tarehe 2 tena. Redio inapiga wimbo uleule, wakala wa bima yuleyule anamrukia njiani.

Kura yangu naipa The Apartment. Kejeli ikimkwepa mpenzi, mapenzi yenyewe yanakosa uzito. Baxter kejeli imemshika shingoni. Haya, nipingeni.

Jamaa_wa_Eastlands

Mazee, hapo kwa Akeem umekosea njia. Unaitazama kama Mmarekani. Sisi tulipoitazama mtaani, kibandani, na jamaa akitafsiri juu ya sauti za waigizaji, kicheko hakikuwa cha Lisa na Akeem. Kilikuwa cha Cleo McDowell, baba yake Lisa. Mtu amenakili mkahawa wa McDonald's kuanzia jina hadi nembo, halafu anakueleza kwa uso mkavu kwamba zile tao zake za dhahabu ni za aina nyingine. Huyo mimi namjua! Duka lake liko stendi, anauza viatu vyenye herufi moja ya ziada. Na akigundua kwamba mfanyakazi wake anayepiga deki ni mrithi wa kiti cha enzi, ghafla binti yake aliyekuwa akimsukuma kwa mtoto wa mwenye kampuni ya mafuta ya nywele anatakiwa abadilishe moyo jioni hiyohiyo. Hiyo ndiyo kejeli ya mapenzi, mkuu. Haiko kwa wapenzi, iko kwa baba mkwe.

Halafu kuna vichekesho nje ya muvi ambavyo Wilder mwenyewe angevipenda. Art Buchwald, aliyekuwa mwandishi wa safu za kejeli magazetini, aliishtaki Paramount akisema wazo la muvi hiyo lilitoka kwake. Mwaka 1990 hakimu akakubaliana naye. Kampuni ikajibu kwamba hakuna faida ya kugawana, muvi haikubakiza kitu. Muvi iliyoingiza zaidi ya dola milioni 280 duniani! Mwaka 1992 ikaamriwa yeye na mwenzake walipwe dola 900,000.

Mwalimu_Chuma

Ninyi nyote mnataka kejeli yenye sukari. Kejeli ikishaoa, imestaafu. Tafuteni Xala ya Ousmane Sembène, 1975, Senegali. Inaanza na wafanyabiashara Waafrika wakiwafukuza Wafaransa kwenye Chemba ya Biashara, ngoma zinapigwa, watu wanashangilia. Dakika chache baadaye Wafaransa wanarudi na mikoba, kila mheshimiwa wa Kiafrika anafungua wake anakuta noti zimejaa. El Hadji, mmoja wao, anatumia zake kuoa mke wa tatu. Usiku wa harusi jogoo anagoma kupanda mtungi. Gari lake linaoshwa kwa maji ya chupa kutoka Ufaransa, ombaomba wako nje ya ofisi yake hawana hata ya kunywa. Humo hakuna anayebusiana chini ya theluji, na hutaisahau.

Binti_Forodhani

Asalaam alaykum nyote. Mwalimu, Xala nimeiona na ni moto, lakini hiyo nayo ni habari ya ndoa tangu mwanzo hadi mwisho, usijifanye hukutazama mapenzi.

Mie nashangaa kitu kimoja: mnazungumza mapenzi na kejeli, na hakuna aliyemtaja Raj Kapoor. Kwetu Unguja wazee wetu walisimama foleni kwenye sinema kwa ajili yake. Bibi yangu hajui Kihindi, ila Mera Joota Hai Japani anaiimba kutoka mwanzo hadi mwisho akichambua mchele.

Wimbo huo ni wa muvi yake Shree 420, 1955. Hiyo 420 ilikuwa kifungu cha sheria ya jinai ya India kilichohusu utapeli, hadi sheria hiyo ilipobadilishwa 2024, kwa hiyo jina zima ni kama kusema "Mheshimiwa Tapeli". Raj anaingia Bombay kwa miguu, msomi asiye na kazi, mfukoni ana nishani ya uaminifu. Kitu cha kwanza cha thamani anachoweka rehani ni hiyo nishani! Mapema kabisa anasimama kichwa chini miguu juu barabarani na kueleza kwamba dunia imepinduka, ukitaka kuiona sawasawa lazima nawe upinduke. Kisha anampenda Vidya, mwalimu maskini, huku upande wa pili Maya na matajiri wanamvuta kwenye kamari na suti. Anageuka tapeli kweli. Anashiriki mpango wa kuwauzia walala-hoi ahadi ya nyumba kwa rupia mia moja.

Sasa Kiberenge, pima kwa kipimo chako mwenyewe. Kejeli inamgusa mpenzi? Usiku wa Diwali Raj anampeleka Vidya kwenye hoteli ya matajiri, na yule binti anasimama pale katika nguo za kuazima akimwona mtu aliyempenda akifurahia kugeuka kitu kingine. Baxter alikuwa na bosi wa kumlaumu. Raj alijiingiza mwenyewe akicheka. Na ule wimbo wa mvua chini ya mwavuli, wale watoto watatu wanaopita na makoti ya mvua ni watoto wa Raj Kapoor wa kuzaa. Nimesema tu, haihusiani.

Mama_Wawili_Arusha

Nimezisoma zote nikaona wanaume mmejaa humu, ngoja niseme langu.

The Apartment ni nzuri sana ila mwanzisha mada hajawaonya watu. Mkesha wa Krismasi Fran anakunywa vidonge vya usingizi kwenye nyumba ya Baxter baada ya Sheldrake kumpa noti ya dola mia kama zawadi. Jirani daktari anahangaika kumwamsha kwa makofi na kahawa. Kama una watoto sebuleni, au kuna mtu ndani aliyepitia hayo, usiiweke ukidhani ni vichekesho vya Ijumaa.

Mimi kura yangu ni Groundhog Day, na sababu hamjaitaja. Nyie mnaona saa inayojirudia. Mimi naona mwanaume anayemchunguza mwanamke ili ampate. Phil anamuuliza Rita, mtayarishaji anayefanya naye kazi, anakunywa nini, "kesho" anakiagiza kabla yake, aonekane wanafanana. Rita akisema alisomea mashairi ya Kifaransa, Phil anacheka, halafu siku inayofuata anamkariria Kifaransa. Kila jioni anafika karibu, na kila jioni Rita anahisi kuna kitu hakijakaa sawa. Kofi. Kesho kofi. Keshokutwa kofi. Siku hizi wanapekua picha zako za tangu 2014 kisha wanajifanya nao wanapenda pweza.

Uzuri ni kwamba muvi haimpi Rita kwa ujanja ule. Inamwachia pale tu anapoacha kuzitumia zile siku kumwinda, akaanza kuzitumia kwa watu wengine: kina mama wazee waliopata pancha, mtoto anayedondoka mtini kila siku na hajawahi kusema asante. Hiyo ya asante kila nikiiona nacheka, maana ninao wawili wa namna hiyo. Mwishoni kwenye mnada wa makapera, Rita ndiye anayemnunua, kwa pesa yote iliyo kwenye akaunti yake, dola 339 na senti 88.

Kumbuka pia yule mzee ombaomba. Phil anamlisha, anamkimbiza hospitali, anampulizia pumzi, na bado anakufa. Kwenye muvi ya kuchekesha! Hakuna aliyelazimika kuweka hilo, wakaliweka.

Mzee_wa_Pugu

Vijana, The Gods Must Be Crazy vipi? 1980, chupa ya soda inadondoka toka ndege, yule bwana N!xau anakwenda kuitupa mwisho wa dunia. Na humo kuna mapenzi, yule mtaalamu wa wanyama ambaye akimwona mwanamke kila kitu kinamdondoka mikononi. Gari linapandishwa juu ya mti!

Mwalimu_Chuma

Mzee shikamoo. Gari juu ya mti nami lilinichekesha. Lakini ilitengenezwa Afrika Kusini ya ubaguzi wa rangi, na ukiitafuta serikali ile humo ndani huioni. Inawakejeli wanamapinduzi weusi wasiojua kulenga shabaha, ila makaburu wanasalimika. Kejeli inayochagua wa kumwogopa mimi siiamini.

Mzee_wa_Pugu

Marahaba. Nimekuelewa, ila gari juu ya mti nitaendelea kulicheka.

Kiberenge_Moro

Mmenipa kazi. Mama_Wawili, onyo lako ni la haki, na ile tafsiri yako ya makofi imeniharibia muvi kwa njia nzuri, siwezi tena kumtazama Phil nikimhurumia mapema. Jamaa, baba mkwe nakubali ni johari, lakini hebu niambie: ukimtoa McDowell na wale wa kwa kinyozi, ungeirudia? Mimi hata uso wa Lisa siukumbuki vizuri.

Mwalimu, unasema kejeli ikioa imestaafu. Mbona The Apartment inang'ata hadi sekunde ya mwisho? Baxter anamwambia Fran anampenda kupita kiasi, mwenzake anampa karata na kumwambia anyamaze, agawe. Hakuna busu. Wamekaa kwenye kochi, jamaa hana kazi, nyumba anaihama, pesa hana.

Mama watoto amesoma uzi huu wote juu ya bega langu. Anasema hapo hapo ndipo penye swali ambalo hakuna aliyeuliza: Fran anampenda kweli, au amechoka tu na Sheldrake? Tumebishana tangu chakula cha usiku. Yeye anasema amechoka. Mimi nasema huwezi kukimbia barabarani vile usiku wa mwaka mpya kwa uchovu.

Mama_Wawili_Arusha

Mkeo yuko sahihi nusu. Amechoka, na huyu ndiye mtu pekee aliyemtengenezea tambi akizichuja kwa raketi ya tenisi. Watu wameolewa kwa sababu ndogo kuliko hiyo.

Jamaa_wa_Eastlands

Uso wa Lisa nami siukumbuki, nakiri. Lakini muvi nairudia kwa ajili ya kinyozi, na sioni aibu. Binti, hiyo Shree 420 ina maandishi ya chini ya Kiingereza angalau?

Binti_Forodhani

Zipo zenye maandishi, ila chagua nakala safi, nyingine zimekata nyimbo na hapo umepoteza nusu ya hadithi. Ni karibu saa tatu nzima. Kiberenge, mkiiweka Ijumaa anzeni mapema, na watoto waachieni wimbo wa mvua kabla hawajalala.

Kiberenge_Moro

Imepitishwa. Sharti la mapenzi limetimia, la kejeli limetimia, na mama watoto tayari anauliza kama suti ya Raj ni ya kuazima.