Naomba ushauri: mshipi gani unafaa kuvulia kwenye baridi kali?

Ndugu wanachama, naomba ushauri wenu kuhusu mshipi wa kuvulia samaki pale halijoto inapokaribia nyuzi 0 za Selsiasi. Mshipi wangu wa nailoni wa uzi mmoja, ambao wakati wa joto haunipi shida yoyote, hukakamaa kwenye baridi na kubaki na umbo la mizunguko ya kigurudumu cha kukunjia mshipi, kiasi kwamba nikirusha ndoana unatoka kama springi ya kitanda na chambo huanguka karibu mno. Kibaya zaidi, mshipi uliojipinda hivyo haunionyeshi samaki anapodonoa, na kwenye maji baridi samaki hudonoa polepole sana.

Nilijaribu mshipi wa kusokotwa, ambao ni laini na haushiki mizunguko, lakini maji yanayobaki kati ya nyuzi zake huganda kwenye pete za ufito, yaani vile vijipete ambamo mshipi hupita, nami hutumia muda mwingi kubandua barafu kuliko kuvua. Nimefikiria mshipi wa florokaboni, aina nyingine ya plastiki, kwa kuwa haunyonyi maji kama nailoni na huzama upesi, ila nao ni mgumu kwa asili yake, na nahofia kwamba unene wa milimita 0.30 ninaoutumia sasa utakuwa mzito kupita kiasi.

Je, nipunguze unene wa nailoni, au nifunge kipande kifupi cha florokaboni mbele ya mshipi wa kusokotwa? Na kwa wanaotumia mshipi wa kusokotwa, mnazuiaje barafu kwenye pete?