Mada: Kijibwa cha Malindi kwenye theluji – nani ana uzoefu?

Kutoka: Bint Maweni (Malindi), sasa Trento

Assalamu alaikum jamaa wa Lamu na Malindi mlio ughaibuni, na nyinyi mlio nyumbani mnaosoma kimyakimya.

Nina swali ambalo Maweni mtu angelicheka mpaka akae chini. Tuna kijibwa, jina lake Kashata. Kilo sita, nywele fupi, masikio makubwa membamba. Alizaliwa nyuma ya nyumba za wageni kule Casuarina, mamake mbwa koko wa pwani. Mavyaa wangu Mtaliano ndiye aliyemhangaikia: chipu chini ya ngozi, chanjo ya kichaa cha mbwa, kupimwa damu, kisha miezi mitatu ya kungoja kabla hajaruhusiwa kuingia Ulaya. Alifika kiangazi, akaona maisha ni matamu. Sasa milima imekuwa myeupe na yeye anatetemeka hata mlangoni.

Mume wangu amekulia kwenye skii. Anataka Jumapili twende sote: yeye mbele na mbao zake, Kashata akimkimbilia nyuma, mimi na binti yetu kwa miguu. Mimi naona ni wazimu, lakini sina hoja. Yeye anajua theluji, mimi najua mnazi. Nisaidieni: mbwa wa namna hii anaweza kutembea kwenye theluji? Kwa muda gani? Na hilo la skii mnalionaje?

Kutoka: Wa Shela (ya Lamu, si ya Malindi), sasa Oslo

Waalaikumu salam, dada. Hoja unayo, ila hujaipanga.

Kwetu watoto walinishinda, tukachukua kijibwa, na huu si msimu wake wa kwanza wa baridi. Jambo la kuelewa ni ukubwa wa mwili. Mwili mdogo una ngozi nyingi ukilinganisha na nyama inayotengeneza joto, kwa hiyo joto hutoka upesi kuliko linavyoingia. Mbwa wa kuvuta sleji ana manyoya tabaka mbili, magumu juu na laini chini, hulala nje na hana habari. Kashata wako hana hilo tabaka la chini; kwa joto la Malindi angelifanyia nini? Halafu angalia urefu wa miguu. Theluji inayokufika wewe kifundoni, yeye inamfika tumboni, na tumboni ndiko hana nywele kabisa.

Kwa hiyo koti. Si lile la kufunika mgongo tu, ambalo ni la kupigia picha. Tafuta linalofunga kifua na tumbo, juu lisipenye maji, ndani sufu au flisi. Pamba usimvishe: ikilowa hukaa na maji, ni afadhali angekwenda uchi. Na wewe vilevile, dada, zile fulana za pamba ziache kabatini, anza na nguo ya sufu mwilini.

Kutembea anaweza, na atapenda, wallahi utashangaa. Lakini safari ni yake, wewe unamsindikiza. Chagua njia iliyokwisha kushindiliwa na watu, si theluji mbichi ambayo kila hatua kwake ni kuruka ukuta. Anza na nusu saa, kwenda na kurudi. Mtazame anavyotembea: akianza kuinua mguu mmoja na kuushikilia juu, akipunguza mwendo, akigeuka kukutazama, akijikunja mgongo, basi mmekwisha. Mtie ndani ya koti lako au kwenye begi la kifuani mrudi. Kutetemeka ni onyo, lakini kuna baya zaidi: aliyekuwa anatetemeka akaacha huku bado yuko kwenye baridi, akawa mlegevu na mzito. Huyo hajapata joto, huyo mwili umeishiwa nguvu ya kutetemeka.

Wanorwe wana kanuni zao za milimani, na mojawapo husema rudi mapema, kurudi si aibu. Sisi tuliolelewa kungoja maji yajae ndipo mashua ipite mkondo wa Mkanda hatukuhitaji kufundishwa hilo. Maji yakikataa, unakaa. Usione haya kumwambia mumeo tumefika, hata kama gari bado linaonekana.

La mwisho ni jua. Kwetu linazama karibu saa ile ile mwaka mzima, na mwili umezoea hivyo. Huku Oslo mwezi wa Desemba linatua saa tisa na dakika kumi hivi alasiri. Trento mna nafasi zaidi, hadi kama saa kumi na nusu, lakini mlima hulificha kabla ya hapo na baridi hushuka dakika hiyo hiyo. Tochi ya kichwani iwe mfukoni, hata kama mnatoka asubuhi.

(Kuhusu skii sitasema, mimi ni wa kuanguka. Kila Mnorwe wa rika langu akisikia natoka Kenya ananiuliza habari za Philip Boit, yule Mkenya wa skii kwenye Olimpiki ya Nagano 1998 aliyemaliza wa mwisho kilomita 10, na bingwa wao Bjørn Dæhlie akamngoja mwishoni amkumbatie. Boit akaja kumpa mwanawe jina la Dæhlie. Ni hadithi nzuri, lakini sasa wananitazama kana kwamba na mimi nitawaonyesha kitu.)

Kutoka: Mama Watamu, Calgary

Hamjambo. Nafanya kazi kwenye zahanati ya wanyama, si daktari, mimi ni msaidizi. Wa Shela amesema vizuri juu ya mwili. Mimi niongeze miguu, maana huku kuanzia Novemba tunaletewa miguu tu.

Theluji hushika kwenye nywele katikati ya vidole, ikaganda, ikawa vidonge vigumu, na mbwa huchechemea kana kwamba amekanyaga changarawe. Kashata ana nywele fupi, labda hatapata sana, lakini kagua. Zikiwepo, zipunguze kwa mkasi wa ncha butu ziwe sawa na nyayo. Kuna nta maalumu ya kupaka nyayoni kabla ya kutoka, hiyo ni bora kwa mbwa asiyekubali viatu. Viatu ni bora zaidi akivikubali, lakini mzoezeni sebuleni kwanza. Siku ya kwanza atatembea kama amelewa na mtacheka, kesho yake atasahau. Visibane: mguu uliobanwa damu haifiki, na mguu usiofikiwa na damu ndio unaoganda.

Sasa mjini. Hatari ya mjini ni chumvi wanayomwaga barabarani na kwenye vijia kuyeyusha barafu. Inachoma nyayo, hasa zenye nyufa, kisha mbwa anazilamba akirudi na inaingia tumboni. Mkifika mlangoni, beseni la maji ya uvuguvugu, osha nyayo na tumbo, kausha katikati ya vidole. Maji yasiwe ya moto, na sehemu iliyopigwa na baridi, iwe ncha ya sikio, mkia au kidole, usiisugue. Ipashe joto polepole kwa kitambaa cha uvuguvugu. Ikibadilika rangi, ikawa ya kijivu au nyeupe, mpeleke kwa daktari.

Na muwe macho na dawa ya rejeta, ile ya kuzuia maji ya gari yasigande. Nyingi zina ethilini glaikoli, ni tamu, mbwa huilamba ikidondoka maegeshoni, na kiasi kidogo huua figo za mbwa wa kilo sita. Ukimwona amelamba, usingoje dalili, nenda saa hiyo hiyo.

Chakula njiani: mpe zaidi ya kawaida yake, kwa vipande vidogo vidogo, maana joto linatokana na chakula. Maji mtilie ya uvuguvugu kwenye chupa ya chai, asile theluji, inampoza kutoka ndani. Usigawane naye chokoleti, zabibu wala peremende zisizo na sukari zenye zailitoli. Vitu vitatu hivyo ndivyo watu hubeba milimani, na vyote ni sumu kwake.

Watu huniuliza nyuzi. Kipimo changu kwa mbwa wa nywele fupi na umbo hilo: ikishuka chini ya sifuri, koti lazima na safari fupi. Ikifika kumi chini ya sifuri, toka akojoe mrudi ndani. Upepo ukiwepo, hesabu mapema zaidi.

Kutoka: Mpishi wa Ngomeni, sasa Val Gardena

Dada, mimi nipo karibu nawe, napika kwenye hoteli huku juu msimu wa nne sasa. Nizungumze na shemeji kupitia kwako, kwa heshima zote.

Mbwa na mbao za skii visikutane. Mbao za mteremko zina ukingo wa chuma kila upande, unanolewa uwe mkali ili ushike barafu. Mbwa anayekimbia nyuma atafika kando, mwenye mbao atakata kona, na ukingo utapita kwenye mshipa wa mguu. Mwenye mbao huenda asihisi hata kidogo. Zaidi ya hapo, kwenye njia za mteremko mbwa kwa kawaida hawaruhusiwi kabisa, na hata kwenye njia za skii za tambarare, zile zenye mifereji miwili, mbwa huruhusiwa tu pale palipoandikwa. Wale wanaovutwa na mbwa kwa kamba kiunoni hutumia mbwa wakubwa, kilo 15 kwenda juu, waliofundishwa. Kashata hawezi kuvuta hata kofia.

Kuna na sheria. Amri ya Italia namba 40 ya mwaka 2021 imelazimisha kila anayeteremka kwenye njia za skii awe na bima ya kuwalipa wengine akiwaumiza, tangu tarehe 1 Januari 2022. Amri hiyo hiyo inawagusa na nyinyi wa miguu: mkienda mahali penye hatari ya poromoko la theluji, hata kwa viatu vipana vya theluji, kila mtu awe na kifaa cha kutoa mawimbi ili apatikane akifukiwa, sepetu, na ufito mrefu wa kuchokolea theluji kumtafuta aliyefukiwa. Watu hudhani hilo ni la wana skii tu. Silo.

Taarifa ya poromoko hutolewa pamoja kwa Tirol, Bolzano na Trento, hutoka jioni kwa ajili ya kesho, daraja 1 mpaka 5. Tatu msiione ni katikati. Jina lake kwa Kitaliano ni marcato, yaani hatari iliyo dhahiri, na watu wengi hufa siku za tatu kwa sababu wanaiona ni ya wastani. Miteremko ya kuogopwa ni ile yenye mwinamo wa kuanzia nyuzi 30, na kupita chini yake ni sawa na kupita juu yake. Simu ya dharura ni 112.

Kwa hiyo nendeni Alpe di Siusi. Ni uwanda mpana, umelala, una njia za kutembea zilizoshindiliwa kwa mashine na zimetengwa na za skii. Shemeji apate mbao zake, nyinyi mpate njia yenu, mkutane kwenye mkahawa. Barabara ya kupanda hufungwa kwa magari ya watu binafsi kuanzia saa tatu asubuhi hadi saa kumi na moja jioni, kwa hiyo pandeni kwa kebo, lile gari la kuning'inia, kutoka Siusi. Kamba ni lazima, na bebeni kizuia mdomo hata kama yeye ni mdogo, kwenye kebo wanaweza kukidai. Mkishuka Compatsch, kituo cha juu, mko kama mita 1,850. Trento ni chini ya mita 200. Hesabu ya kawaida ni nyuzi sita na nusu kila mita 1,000, kwa hiyo mtegemee baridi ya nyuzi kumi zaidi, isipokuwa zile siku baridi inapojikusanya bondeni na juu kukawa na jua zuri. Hizo ndizo siku za kwenda. Mbebe miwani ya jua, na mtoto pia, theluji inarudisha mwanga machoni.

Kutoka: Babu wa Mkomani, Lamu mjini

Wanangu, nimewasoma tangu alfajiri. Hapa ni kaskazi, yua limetupiga mpaka punda wamejificha ndia za kivulini. La theluji sina. Nina la sala. Mbwa huyo akilowa mayi ya theluji, akamrukia mtu, na wewe uko huko juu hata udongo hauonekani. Mnafanyaje?

Kutoka: Wa Shela, Oslo

Shikamoo babu. Swali la haki, na ndilo lililonisumbua mwaka wa kwanza. Kwa madhehebu yetu ya Shafii mbwa ni najisi, lakini akiwa mkavu akagusa nguo kavu hakuna la kuosha, tatizo ni majimaji. Kwa hiyo tunatenga: koti la nje na glavu ni za mbwa, taulo lake peke yake, na nguo za kusalia zinakaa kwenye mfuko wa plastiki ndani ya begi la mgongoni. Ikitokea ameniloweshea suruali, naibadili kwa ile ya mfukoni nasali, ile nyingine inaoshwa nyumbani mara saba, mojawapo kwa udongo. Udongo nauweka kwenye mkebe wa maua, Oslo hapakosekani maua ya ndani. Jirani yangu Mmoroko ni wa madhehebu ya Maliki, kwao mbwa aliye hai ni twahara, ananitazama naosha na kucheka peke yake.

Kutoka: Bint Maweni, Trento

Shikamoo babu, na ahsanteni nyote. Nimemsomea mume wangu maneno ya Mpishi, nikiyafasiri moja baada ya jingine. La ukingo wa chuma alinyamaza, kisha akasema kumbe hata yeye alipokuwa mtoto mbwa wao alibaki nyumbani. La bima anayo. La kifaa cha mawimbi alikuwa nacho chake tu, sisi hakutuwazia, kwa hiyo tumekubaliana hatutoki kwenye njia zilizoshindiliwa za uwandani.

Jumapili tunakwenda Siusi, taarifa ya Jumamosi jioni ikiwa nzuri. Koti nimeagiza, la tumbo. Viatu amevikataa, amekimbilia chini ya kochi, kwa hiyo ni nta. Begi la kifuani nitatumia lile nililombebea binti yangu.

Swali moja limebaki. Viatu vipana vya theluji kukodi ni ghali kwa watu wawili. Nani yuko upande huu anavyo vya kuazima, saizi 38 na vya mtoto wa miaka tisa?

Kutoka: Mpishi wa Ngomeni, Val Gardena

Vya wakubwa vinarekebishwa kwa mikanda, saizi si tatizo. Ninavyo jozi mbili, vya mtoto nitawauliza watu wa hoteli. Jumamosi natoka kazini saa tisa, nitavishusha Siusi, Jumapili nipigie ukifika. Uje na mahamri.