Mashimo ya majaribio kwenye kiwanja cha msikiti wa zamani, Kigamboni

BintiMzizima: Wakuu, habari zenu. Ukoo wetu una kiwanja Kigamboni, karibu na bahari. Ndani pamebaki ukuta wa matumbawe na chokaa. Ulikuwa msikiti, ila hauswaliwi tangu bibi yangu akiwa mtoto. Kuna mtu anataka ubia, ajenge nyumba za wageni. Mshauri wa mazingira kasema kabla ya msingi waje wanaakiolojia wachimbe mashimo ya majaribio. Baba mdogo kakataa katakata, anasema watafukua marehemu. Wanatafuta nini hasa? Wakikuta kaburi je?

Mjenzi_Temeke: Mkiwaita hao mradi unalala. Leteni katapila msawazishe mapema.

Chekeche: Mjenzi, usimtie binti wa watu matatani. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda jengo lolote la kabla ya 1863.

Binti, kazi hii nimeifanya miaka mingi huku pwani. Shimo la majaribio ni dogo, mara nyingi mita 1 kwa 2. Tunakwangua kwa mwiko, sentimita 10 baada ya 10, na kila ndoo inapita kwenye chekeche. Vinabaki vigae vya vyungu, shanga, mifupa ya samaki, pengine kipande cha bakuli la Kichina kama yale yaliyopachikwa kwenye makaburi ya Kunduchi. Hapo ndipo tunapojua watu walikaa lini na eneo linaishia wapi.

Kuhusu marehemu, mwambie baba mdogo hivi: kibla hapa Dar ni kaskazini, kwa hiyo makaburi ya Waislamu yamelala mashariki–magharibi. Mtaro ukielekezwa kaskazini–kusini unayakata kwa ubavu, na kaburi linajionyesha mapema: mchanga uliovurugika, rangi mbali na wa pembeni, kabla hamjafika kwenye mwanandani, pale mwili ulipolazwa. Mwiko unawekwa chini. Linapimwa, linachorwa, linafukiwa, na ramani ya jengo ndiyo inayosogezwa. Katapila halioni mwanandani! Ila hao wachimbaji waonyeshe kwanza leseni ya Idara ya Mambo ya Kale, na imamu awepo.

BintiMzizima: Asante sana kaka. Nimemsomea. Anauliza kama ataruhusiwa kukaa pale pale wakichimba.

Chekeche: Akae, tena mumtafutie kivuli. Kabla ya siku hiyo azunguke na wachimbaji awaonyeshe kisima kilikuwa wapi na wazee walisema makaburi yanaishia mti gani. Mtaro wa kwanza unapangwa kwa maneno yake.