Ushauri: napima ukinzani wa shaba kwenye sumaku, mita haisongi

jirani_wa_Ngara:
Wadau, habari zenu. Nasoma uzamili wa fizikia hapa Nairobi. Mradi wangu ni kuonyesha jinsi uga wa sumaku unavyobadilisha ukinzani wa metali kwenye baridi kali, na tamaa yangu ni kuona yale mawimbi waliyoyaona Shubnikov na de Haas, Leiden, 1930, yaani ukinzani kupanda na kushuka kadiri uga unavyoongezeka. Heliamu ya maji ya kupozea hatuna. Nimeanza na waya wa shaba, tesla 1, halijoto ya chumba. Mita imekaa pale pale. Nibadilishe sampuli au mada? Natanguliza shukrani.

fundi_maabara:
Mita yako ni nzima, mdogo wangu. Sumaku hupinda njia ya elektroni, lakini utaona kitu tu ikiwa imepinda vya kutosha kabla ya kugongana. Kwa shaba yako inapinda kama radiani 0.004, basi, imeshagonga. Ukinzani hubadilika kwa mraba wa namba hiyo. Piga hesabu mwenyewe ulie. Kwenye naitrojeni ya maji, kelvini 77, ukinzani wa shaba hushuka kama mara nane na athari hukua kama mara sitini. Bado ni kiduchu.

Mzee_Kilowati:
Naitrojeni iko Kabete, kwa watu wa mbegu za ng'ombe 😂 Beba mtungi wake maalum, na usiuzibe kabisa, utalipuka.

mama_fuwele:
Achana na shaba, chukua bismathi. Elektroni zake huru ni chache mno, kama moja kwa atomu laki moja, lakini ni nyepesi na huenda mbali bila kugongana. Hata Shubnikov na de Haas waliitumia hiyo hiyo. Kwa tesla 1 utaona mabadiliko bila baridi yoyote. Zamani koili ya bismathi ilikuwa kipimo cha sumaku.

Tumia waya nne: mbili za mkondo, mbili za volti. Geuza uga, pima tena, chukua wastani, volti ya Hall (ile ya pembeni inayoletwa na sumaku) ijifute.

Mawimbi usimwahidi msimamizi. Nishati ya joto ikizidi nafasi kati ya ngazi za nishati za elektroni ndani ya uga, yanafutika, ndiyo maana wenzetu hushuka hadi kelvini 4.2 na chini yake. Ukipata data ya maabara ya nje, ichore dhidi ya 1/B, si B (B ni nguvu ya uga). Vilele vitajipanga kwa nafasi sawa, na kwa nafasi hiyo unapata eneo la mkato wa uso wa Fermi, yaani mpaka wa mwendo wa elektroni zenye nishati ya juu kabisa ndani ya metali (Onsager, 1952). Hiyo peke yake ni sura nzima ya tasnifu.

jirani_wa_Ngara:
Asante sana, mama. Lazima iwe fuwele moja, yaani kipande ambacho atomu zote zimejipanga kwa mpangilio mmoja?

mama_fuwele:
Kwa mawimbi, ndiyo. Kwa kazi yako kipande cha kawaida kinatosha. Ila waya usiziunge kwa chuma cha kulehemu: bismathi huyeyuka nyuzi 271 za Selsiasi na ncha ile ni moto zaidi, sampuli itadondoka mezani. Tumia gundi ya fedha.