Sindano inaruka mtoto akipita: pleya ya santuri kwenye sakafu ya boriti

Mjukuu wa Shangani
Assalaam alaykum ndugu zangu. Naomba ushauri kabla sijaharibu urithi.

Marehemu baba ameniachia santuri za taarab na dansi, karibu 140, nyingi ni zile ndogo za mizunguko 45. Nimepata pleya ya Technics SL-1200MK2 ya mkono wa pili, nzima kabisa. Nimeiweka sebuleni juu ya kabati la mninga la mama, na spika zimekaa juu ya kabati hilohilo, moja huku moja huku. Tunakaa Mji Mkongwe, ghorofa ya pili, sakafu ya boriti.

Mwanangu wa miaka 4 akikimbia kutoka mlangoni, sindano inaruka. Hata mie nikitembea taratibu naisikia hatua yangu kwenye spika. Nikipandisha sauti kupita nusu, besi inaanza kunguruma yenyewe na haikatiki mpaka nipunguze. Niliweka bilauri ya maji kando ya pleya: mtu akipita, maji yanafanya viduara. Juzi sindano imeburuzwa toka ukingoni hadi kwenye lebo, juu ya santuri ambayo sijaiona kwa mtu mwingine yeyote. Tangu siku hiyo sijaiwasha. Nifanyeje?

Fundi Redio
Waalaykum salaam kaka, na pole kwa santuri. Una magonjwa mawili, usiyatibu kwa dawa moja. La kwanza ni hatua: sakafu inacheza, kabati linacheza, sindano inatupwa. La pili ni sauti kurudi: spika inatikisa kabati, kabati linatikisa santuri, sindano inausoma mtikisiko ule kama muziki, amplifaya inaukuza, spika inautoa tena mkubwa zaidi. Ndio huo mngurumo usiokatika.

Jaribu hivi. Weka santuri usiyoijali, mota ikiwa imezimwa, teremsha sindano juu yake, kisha pandisha sauti polepole. Gonga kabati kwa kidole, utalisikia likiitika kwenye spika. Sasa ziondoe spika juu ya kabati, urudie.

Besi ndiyo inayokuponza kwa sababu ya namna santuri zinavyokatwa. Kiwandani besi hupunguzwa ili mfereji unaopita sindano usitanuke, na amplifaya huirudisha: kwenye mitetemo 20 kwa sekunde inakuza karibu desibeli 20 zaidi ya sauti za katikati. Hatua ya mtoto nayo inakuzwa vivyo hivyo.

Kijana wa Temeke
Mimi nilikata mipira ya tenisi nusu nusu, nikaiweka chini ya pleya. Safi kabisa, na gharama ni ndogo. Jaribu kaka.

Mama Santuri wa Mombasa
Mwanangu wa Temeke, wewe bila shaka uko juu ya zege, ndiyo maana. Mwenzako yuko juu ya boriti.

Kitu laini huzuia mtikisiko ulio wa kasi kuliko mdundo wake chenyewe, na mdundo huo unaupata kwa rula. Tazama kimedidimia kiasi gani kikishabeba mzigo. Milimita 1, kinadunda kama mara 16 kwa sekunde; milimita 2.5, mara 10; milimita 10, mara 5. Nacho huanza kusaidia kwa mitikisiko ya kasi mara moja na nusu ya hapo kwenda juu. Mkono wa pleya pamoja na katriji, kile kichwa kinachoshika sindano, navyo vina mdundo wao, na vikilingana vizuri ni kati ya mara 8 na 12. Basi mpira uliodidimia milimita 2 au 3 unadunda palepale unapodunda mkono. Hautulizi, unachochea.

Tyubu ya baiskeli yenye upepo kidogo, na ubao juu yake, inazuia vizuri sauti ya spika. Hatua ya mtu ni ya polepole mno kwa hiyo, pleya itayumba kama ngalawa. Nilikuwa na pleya ya springi kwenye sakafu ya mbao, nikahangaika nayo miezi mpaka nilipoipeleka ukutani.

Mkaazi wa Malindi
Bibi amesema kweli, jibu ni ukuta. Kaka, chumba chako ni kirefu na chembamba, upana hauzidi mita 3, sivyo? Huo ndio urefu wa boriti. Vichwa vyake vimelala ndani ya zile kuta mbili ndefu. Katikati ya chumba ndipo panapodunda kuliko kote.

Lakini usikimbilie kutoboa. Kuta zetu ni mawe ya matumbawe na chokaa. Boliti ya kupanuka itapanukia kwenye unga, na siku moja itatoka na pleya yako. Tena kama nyumba ni ya wakfu lazima uulize kwanza.

Huna shubaka? Kuta hizi zina unene wa nusu mita au zaidi. Dirisha lililozibwa au shubaka kubwa ni rafu tayari, na haijui kama kuna mtu anatembea. Nenda kwa wakata kaunta za jiko, omba kipande cha graniti kilichobaki, sentimita 50 kwa 40, unene 3. Kina kilo 16 hivi. Kilaze humo, kisawazishe kwa pimamaji. Pleya yako inataka upana wa sentimita 46 na kina cha 36.

Mjukuu wa Shangani
Ndugu zangu, nimerudi. Shubaka lipo, mama alikuwa ameliwekea mapambo. Upana 61, kina 42. Graniti imeingia, chini yake nimetandika vipande vya mkeka ili isikwaruze chokaa. Kifuniko hakifunguki humo, nimekitoa. Spika nimezihamishia mwisho mwingine wa chumba, kila moja na stendi yake.

Mtoto amekimbia mara tatu, kwa ruhusa yangu. Sindano haikutikisika, na maji kwenye bilauri yametulia kama kioo. Mngurumo sasa hauji hata nikifika robo tatu. Kimebaki kitu kimoja: koni za spika zinaingia na kutoka polepole, hata pasipokuwa na muziki.

Fundi Redio
Alhamdulillah. Hiyo ni santuri iliyopinda, sindano inapanda na kushuka kila mzunguko. Tazama kama amplifaya ina kitufe cha kukata mitetemo ya chini, kwa kawaida huandikwa "subsonic". Na santuri zisimamishe wima, mbali na jua la dirishani.

Mjukuu wa Shangani
Kitufe kipo. Nimekibonyeza, koni zimetulia. Zile zilizolala chini ya kitanda nazisimamisha leo hii.