Naomba ushauri: pikipiki ya injeksheni inabugia mafuta ikishapata moto

Wakuu, habari za leo. Pikipiki yangu ni cc 150, ya injeksheni (haina kabureta, kompyuta ndiyo inapima mafuta ya kupuliza), inapozwa na upepo. Asubuhi inawaka mara moja, wala haisumbui. Ikishapata moto ndipo balaa: inakosa nguvu, ekzosi inatoa moshi mweusi, nikisimama kwenye foleni inasuasua na kuzima. Plagi nikiifungua ni nyeusi tii, masizi makavu.

Fundi mmoja anataka nibadilishe pampu ya mafuta, mwingine nozeli. Pesa yenyewe ya mawazo! Mimi naishuku sensa ya joto la injini. Ukinzani wake wa umeme unatakiwa ushuke sana joto likipanda. Ikidanganya kwamba injini bado ni baridi, kompyuta inaendelea kumwaga mafuta kama vile umesahau choki (ile ya kuwashia injini baridi) ikiwa imevutwa. Nimeipima kwa mita: baridi inasoma kiloomu 2.4, ya moto inashuka hadi 1.9 tu. Taa ya injini haiwaki kabisa. Soketi yake nayo ina ukungu wa kijani kwenye pini moja.

Nianze kusafisha soketi, au sensa ndiyo imekufa? Na zile za bei poa madukani, kuna aliyeitumia ikadumu?