Naomba ushauri: shujaa wa riwaya yangu ya mapenzi ni mwanamke wa kawaida, je, atamshika msomaji hadi mwisho?

Ndugu wanajukwaa, salamu kutoka Dodoma. Ninaandika riwaya ya mapenzi ya zama hizi na nimefika sura ya tisa. Mhusika mkuu, Yustina, ana umri wa miaka 31. Ni msaidizi wa kumbukumbu katika masijala, yaani ofisi ya kupokea barua na kutunza majalada, ya halmashauri moja ya mkoa wetu, amepanga chumba na sebule Nkuhungu, anamsomesha mdogo wake aliyeko sekondari Mpwapwa, na kila mwezi analipia kiwanja kwa awamu. Ni mtu ambaye ukikaa naye kwenye daladala asubuhi, jioni huikumbuki sura yake. Anampenda Daudi, afisa ugani anayezunguka na pikipiki kwenye mashamba ya zabibu, na Daudi naye anampenda, ila hakuna kati yao aliyekwisha kulitamka jambo hilo.

Mtu wa kwanza kuusoma mswada ni rafiki yangu, msomaji mkubwa wa hadithi za mfululizo za kwenye simu. Amenishauri nimfanye Yustina awe mrembo wa kupindukia, kisha nimwondoe Daudi na mahali pake nimweke mheshimiwa mbunge anayekuja mjini kwa Bunge la Bajeti na kufikia hotelini kuanzia Aprili hadi Juni. Anasema hakuna anayetoa fedha yake kusoma maisha anayoyaishi mwenyewe. Mimi ninatamani mwanamke anayegombea daladala saa kumi na mbili asubuhi asome na kuona kwamba moyo wake nao unastahili kuandikiwa kitabu. Naombeni ushauri wa dhati: nimbadilishe, au nibaki naye hivyo hivyo?

Binti wa Kongwa:
Dada, usimbadilishe. Hata hivyo rafiki yako ameona ugonjwa wa kweli, ila dawa ndiyo amekosea. Umetueleza Yustina ana nini, lakini hukutueleza anaogopa kupoteza nini. Kwa mwanamke mwenye mshahara mdogo na watu wanaomtegemea, mapenzi yana gharama zake: kuna nauli, kuna muda, kuna maneno ya mama mwenye nyumba, na kuna ile hofu kwamba fedha aliyoibana miaka yote itapata msemaji mwingine. Mwandike jioni ya mwisho wa mwezi, ameketi kitandani anahesabu fedha za kikoba, kile kikundi cha kuweka na kukopeshana, alizokabidhiwa akiwa mweka hazina. Daudi anabisha hodi, naye kabla ya kufungua mlango anatandaza kanga juu ya noti. Sura kadhaa mbele, Daudi anabisha hodi tena, na safari hii noti zinabaki wazi. Hutahitaji kuandika neno mapenzi popote katika ukurasa huo.

Karani Mstaafu:
Mwanangu, nimefanya kazi masijala mpaka nilipostaafu, na ninasikitika kwamba umempa Yustina kazi iliyojaa hadithi kisha ukaiacha nje ya mlango. Barua zinazoingia ofisini hupita mikononi mwake kabla ya kumfikia mkurugenzi. Huifungua bahasha, huigonga barua mhuri wa kupokelewa, huisajili katika daftari, huipa namba ya folio, yaani namba yake ndani ya jalada, na kuiweka katika jalada linalohusika, ndipo jalada lipande kwa wakubwa. Sasa fikiria ni Ijumaa alasiri, imeletwa bahasha kutoka TAMISEMI, ofisi ya serikali inayosimamia halmashauri, anaifungua na kukuta Daudi anahamishiwa mkoa wa Katavi. Katika halmashauri nzima ni yeye peke yake anayejua. Daudi mwenyewe yuko shambani Hombolo, na jioni atampitia kama kawaida. Yustina anabanwa na wajibu wa kutunza siri za ofisi, na akiivujisha barua ile anaweza kufikishwa kwenye hatua za nidhamu na kupoteza ajira, ajira ile ile inayomlipia mdogo wake ada ya bweni. Jumamosi nzima na Jumapili nzima anacheka na mtu anayempenda huku akijua jambo ambalo mwenyewe halijui. Ni mheshimiwa gani atakayekupatia sura yenye uzito huo?

Jambo moja tu nakusihi: usimwandike akiificha barua hiyo chini ya majalada. Barua iliyokwisha kusajiliwa haipotei kimyakimya, kwa kuwa aliyeituma ana nakala yake na aliyeipokea ametia saini. Sisi tuliokaa masijala tukifika hapo tutakifunga kitabu.

Msomaji wa Usiku:
Ninaunga mkono kumbakiza Yustina, ila ninayo hofu kuhusu sentensi yako ya sura isiyokumbukwa. Waandishi wengi wakisema wanamwandika mwanamke wa kawaida, humwandika mwanamke wa kuhurumiwa, aliyechakaa, anayesubiri mwanamume aje amgundue, na mimi huwachoka wanawake hao kabla sijafika sura ya tatu. Mwanamke wa kawaida ana kitenge chake cha Jumapili, anajua rangi inayompendeza, na anajijua siku anapopendeza. Mpe pia jambo moja analolimudu kuliko wote pale ofisini. Kwa mfano, mtu akitaja jina la mtumishi, yeye anakwenda moja kwa moja kwenye rafu na kurudi na jalada bila kutazama rejista. Daudi asimame kaunta, aone hivyo, na ampende kuanzia hapo. Msomaji akimheshimu Yustina, suala la urembo halitamsumbua.

Mkulima wa Zabibu:
Mimi nitasemea shamba tu. Huku kwetu zabibu huvunwa mara mbili kwa mwaka, Februari hadi Machi na Agosti hadi Septemba, na kabla ya kila msimu kuna kupogolea, kipindi ambacho mzabibu hubaki vijiti vitupu na mgeni hudhani umekufa. Ukimwandika Daudi akileta zabibu mbivu mwezi Juni, tutajua hujawahi kufika shambani. Vilevile, usije ukawanyeshea mvua wapenzi wako mwezi Julai. Mvua yetu ni ya msimu mmoja, kati ya Desemba na Aprili. Julai ni baridi ya asubuhi, upepo na vumbi linaloingia hadi kwenye sufuria.

Mwanzisha uzi:
Shikamoo mzee wangu Karani, na asanteni nyote. Suala la kanga na noti nimekwisha kuliandika leo mchana, na kuhusu kitenge cha Jumapili nimekubali bila ubishi. Mbunge hataingia kabisa. Sasa hii barua ya uhamisho ndiyo inayoninyima usingizi. Amwambie Daudi au anyamaze? Akimwambia, ninaona nimemharibu kama mtumishi. Akinyamaza, nina hofu kwamba wasomaji watamwona mkavu wa moyo.

Karani Mstaafu:
Marahaba, mwanangu. Asimwambie. Jumapili hiyo, baada ya ibada, amwombe ampeleke kwa pikipiki akakione kiwanja chake, mahali ambapo hajawahi kumpeleka mtu yeyote, hata ndugu zake. Amwonyeshe vigingi, amwonyeshe mlango utakapokaa na upande wa jiko. Daudi arudi na furaha ambayo hawezi kuieleza. Jumatatu akiitwa na kukabidhiwa barua, atautazama mhuri wa kupokelewa, ataona tarehe ya Ijumaa, na atajua nani aliugonga. Ugomvi wao wa kwanza wa kweli utaanzia hapo, na sura ya kumi utakuwa umeipata.